Aliye Juu Asingojwe Chini

Ndugu msomaji, wahenga walituachia methali isemayo aliye juu mngoje chini. Ni methali yenye kuliwaza, nasi aghalabu huitumia tunapokuwa tumeudhiwa na mtu ambaye hatuwezi kumjibu. Lakini upo mchezo mmoja ambao methali hiyo ikiruhusiwa kuingia ndani yake, mchezo hufa. Huo ni mpira wa meza, hasa unapochezwa na watu wa ofisi moja kwa utaratibu uitwao ngazi.

Barua iliyonifanya nishike kalamu ilitoka Mandewa, katika Manispaa ya Singida. Aliyeiandika ni mama wa watoto wawili, karani katika idara moja ya chuo. Jina lake sitalitaja, wala la chuo, kwa sababu ambazo utaziona mwenyewe hivi punde. Anaeleza kwamba chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu kilisafishwa, kikawekwa meza ya mpira, na watu 14 wa idara hiyo wakakubaliana waanzishe ngazi, kuanzia Mkuu wa Idara mwenye shahada yake ya udaktari hadi mhudumu anayefungua milango asubuhi. Karani, kwa kuwa ndiye mtunza majalada, akapewa kazi ya kuitunza na ngazi pia.

Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi mitatu, kisha yakakwama. Mkuu wa Idara yuko kipandio cha kwanza. Karani alipanda pole pole mpaka cha tatu, akampa Mkuu mwito wa kucheza. Mkuu akajibu kwa upole kabisa kwamba wiki hiyo ana vikao. Wiki ya pili alikuwa na wageni. Wiki ya tatu akasema, "Binti yangu, wewe nawe unataka kuniaibisha mbele ya watu?" Ofisi nzima ikacheka, na karani akacheka pamoja nao. Sasa sheria waliyoiandika wao wenyewe inasema kwamba anayepewa mwito asipocheza ndani ya siku 7, bila ya udhuru wa ugonjwa, msiba, likizo au safari ya kikazi, amepoteza nafasi yake. "Nimshushe, ndugu mwandishi?" ananiuliza. "Karatasi yangu ya likizo anaisaini yeye."

Kwa wale ambao hawajapata kuiona, ngazi ni orodha tu ya majina iliyobandikwa ukutani. Wa juu ndiye anayehesabiwa kuwa hodari. Wa chini kabisa ni yule anayejifunza au aliyejiunga jana. Kila mmoja anayo haki ya kumpa mwito mtu aliye kipandio kimoja au viwili juu yake. Wa chini akishinda hupanda, wa juu akishinda kila mtu hubaki alipo. Hakuna ratiba, hakuna kombe, wala hakuna siku ya mwisho. Ukitaka kuujua uzuri wake, jaribu kuwapangia watu 14 ligi ambayo kila mmoja atakutana na kila mwenzake mara moja: utahitaji michezo 91, na kabla hamjafika nusu, wengine wamechoka na wengine wamehamishwa. Mtoano nao huwarudisha nusu ya wachezaji majumbani siku ile ile ya kwanza, na aghalabu ni wale wale waliohitaji mazoezi. Ngazi haimfukuzi mtu. Aliyeshindwa leo anaweza kutoa mwito mwingine wiki ijayo.

Yapo mabishano juu ya jinsi ya kupanda. Baadhi ya watu hupenda mshindi achukue nafasi ya aliyeshindwa, na wote waliokuwa kati yao washuke kipandio kimoja kimoja. Wengine hupenda wawili hao wabadilishane nafasi, basi. Mimi ni wa kundi la pili. Chukua mtu wa tano amemshinda wa tatu. Kwa njia ile ya kwanza, wa nne anashuka kuwa wa tano ingawa siku hiyo hakugusa raketi, pengine alikuwa kitandani na malaria. Akirudi kazini anakuta ameshindwa na watu ambao hakucheza nao. Nimeona urafiki ukiingia ufa kwa jambo dogo kama hilo. Wakibadilishana wale wawili tu, malalamiko yanabaki kwa aliyeshindwa, naye anajua ni kwa nini.

Safari ya kikazi ilinipeleka Dodoma mwezi uliopita, nikaona nisirudi bila ya kufika Singida kuitazama ngazi hiyo kwa macho yangu. Anayeijua Singida anaujua upepo wake. Kimpira cha mchezo huu kina uzito wa gramu 2.7 tu, na upana wake ni milimita 40 tangu mwaka 2000, maana zamani kilikuwa milimita 38. Siku za mwanzo, karani alinisimulia, waliitoa meza nje chini ya mti ili wapate hewa. Lakini wapi! Kimpira kilipigwa kuelekea mashariki kikaishia magharibi, na kuku wa jirani, hao kuku wa Singida ambao sifa zao zimefika hadi Dar es Salaam, wakakikimbilia wakidhani ni chakula. Ndipo wakarudi ndani ya stoo na kufunga madirisha. Kuna joto humo, lakini kimpira kinakwenda kinakotumwa.

Meza yenyewe ilitengenezwa na fundi seremala wa hapo hapo. Nasema hivi kwa faida ya wasomaji ambao wameshakata tamaa wakidhani mchezo huu ni wa wenye fedha. Mpe fundi vipimo: urefu mita 2.74, upana mita 1.525, kimo kutoka sakafuni sentimita 76, na wavu wenye kimo cha sentimita 15.25. Kisha mpe mtihani mmoja kabla ya kumlipa. Kidondoshe kimpira juu ya meza kutoka sentimita 30. Yapasa kiruke kiasi cha sentimita 23, na kiruke hivyo hivyo kila mahali. Meza ya Mandewa imefaulu kote isipokuwa kona moja, ambayo imekufa kabisa. Kila mwenyeji anaijua kona hiyo. Mgeni huijua akiisha kushindwa, kama nilivyoijua mimi mikononi mwa yule mhudumu wa asubuhi, kwa 11–4 na 11–6.

Wazee wa idara hawaipendi sana hesabu hiyo ya 11. Wao walikulia katika seti za pointi 21, zilizodumu hadi 2001, na wanadai kwamba katika 11 mtu hushindwa kabla hajapata moto. Huenda ni kweli. Lakini kwa ofisi, hesabu mpya ni neema: seti 5, anayetangulia kushinda 3 ndiye mshindi, na kwa kawaida mchezo huisha kabla ya nusu saa. Nusu saa hiyo, ndugu msomaji, uikumbuke, maana nitairudia.

Niliisoma ile karatasi ya ukutani. Majina 13 yalikuwa yameandikwa kwa penseli, na mengi yalikuwa yamefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imeota manyoya. Jina la kwanza, la Mkuu wa Idara, lilikuwa limeandikwa kwa wino.

Nikauliza ni nani aliyeagiza hivyo. Karani akanyamaza kidogo. "Hakuna aliyeagiza," akasema. "Ni mimi. Siku ile nilipoanza kuandika, mkono wenyewe ulichukua kalamu."

Sikumcheka, kwa sababu nami nina langu. Nilipotoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari, nikaingia chumba kimoja cha habari ambako mhariri wangu alikuwa mpenzi wa drafti. Tulicheza kila mchana. Nilikuwa nikiona waziwazi mahali pa kumla kete tatu, nami napeleka mkono kwingine. Hakunilazimisha. Hakujua hata kidogo, na ndiyo sababu alikuwa akiwaambia watu kwamba kijana huyu anaandika vizuri lakini hana akili ya drafti. Nilimwibia mzee yule mchezo wake kwa mwaka mzima, nikidhani ninampa heshima.

Na barazani kwetu haikuwa hivyo. Kwenye bao, na kwenye drafti ya kijiweni, aliyeshindwa huinuka akampisha anayengoja, awe fundi wa baiskeli au mwenyekiti wa mtaa. Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi mkubwa wa bao, na bao huwaketisha watu wawili ana kwa ana bila ya kuwauliza vyeo. Ni ofisini ndiko mikono yetu inakojifunza kuchukua wino.

Nikaendelea kupekua daftari la karani, ambamo ameandika kila mchezo na tarehe yake, na humo nikaona jambo ambalo barua haikulitaja. Mara mbili sheria ya siku 7 ilikuwa imekwisha kutumika. Wanawake wawili wa idara hiyo, mmoja mhadhiri msaidizi na mwingine mpiga chapa, walipewa miito, wakashindwa kufika ndani ya wiki, wakashushwa. Hakuna aliyeuliza sababu. Michezo yote ilikuwa ikichezwa baada ya saa 9:30 alasiri, kazi zinapofungwa, na saa hiyo mmoja anakimbilia kumchukua mtoto shuleni na mwingine anawahi sokoni kabla ya giza. Kwa mujibu wa karatasi, hao walikuwa wachezaji dhaifu, wa kumi na mbili na wa kumi na tatu. Nilimwomba mpiga chapa acheze nami seti moja. Alinipa pointi 5, naye nadhani alinionea huruma.

Kwa hiyo swali la karani lilibadilika mbele ya macho yetu. Alikuwa akiniuliza kama anaweza kumshusha mkubwa kwa sheria, kumbe wadogo alikwisha kuwashusha kwa sheria hiyo hiyo, kwa penseli, bila ya kumwandikia mtu yeyote barua. Nilipomwonyesha aliketi. Akasema hata yeye mwenyewe, mumewe amekuwa akimlalamikia. Si kwamba mume ana kinyongo na mchezo. Ana kinyongo na saa. Jioni za mwito, watoto humkuta baba akihangaika na sufuria, naye karani hurudi amelowa jasho na ana furaha, na furaha hiyo humkera mtu aliyeunguza wali.

Nami nikampa ushauri, ambao nauandika hapa kwa ajili ya kila idara, kiwanda au ofisi yenye meza na watu kumi.

Kwanza, asimshushe Mkuu kwa mkono wake. Yeye ndiye mdai, hawezi kuwa na hakimu. Mtunza ngazi anapokuwa mchezaji, michezo yake mwenyewe itunzwe na mtu mwingine, na afadhali awe mtu aliye mbali naye katika orodha. Yule mhudumu anafaa sana: ana funguo, hufika wa kwanza, na hana deni kwa mtu.

Kisha wasamehe yote yaliyopita. Wale wanawake wawili warudishwe walipokuwa, na zile wiki tatu za Mkuu zifutwe. Sheria isomwe upya mbele ya wote, bila ya kumtaja mtu, na tarehe ya kuanza iandikwe. Ukianza kuitumia sheria siku ile ile unapomlenga mtu fulani, hata ikiwa ya haki itaonekana kuwa kisasi.

Mwito uandikwe karatasini, wenye tarehe na saini. Jambo hili laonekana dogo, lakini nalitilia mkazo kuliko mengine. Mwito unaotolewa kwa mdomo kwenye korido, ukimwendea mkubwa, hugeuka kuwa ombi, na ombi lina majibu mengi: wiki ijayo, tutaona, binti yangu. Mwito ulioandikwa ni zamu. Aliyepewa atataja siku mbili ndani ya wiki, na aliyetoa atachagua mojawapo. Mojawapo ya siku hizo lazima iwe saa 7 mchana, wakati wa chakula; nayo ndiyo ile nusu saa niliyokuomba uikumbuke. Wiki za kusahihisha mitihani, ngazi nzima ifungwe. Na aliyeshindwa asimrudie mtu yule yule mpaka awe amecheza na mwingine, la sivyo wawili watang'ang'aniana kileleni na meza itakuwa yao peke yao.

Juu ya Mkuu mwenyewe nilisita. Rahisi kusema kwamba ni mtu wa majivuno. Wafanyakazi wa rika la wazazi wetu wanaukumbuka Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno na dharau, na jinsi wafanyakazi walivyokitumia mbele ya mameneja wao. Lakini sikumshauri karani amsomee mtu kifungu chochote. Mkuu huyo, kwa nilivyosikia, amepita miaka hamsini, na goti lake moja si zima. Asubuhi hana budi kumkaripia dereva aliyechelewa, na mchana dereva huyo huyo anaweza kumtoa jasho mbele ya wote. Hofu ya mkubwa ni kitu tusichokizungumza, na nadhani nusu ya ukaidi wa maofisini ni hiyo hofu imevaa tai.

Hapo nikamsimulia karani kisa cha mwaka huo huo wa 1971, mjini Nagoya, Japani, kwenye mashindano ya dunia ya mpira wa meza. Kijana wa Kimarekani, Glenn Cowan, alijikuta amepanda basi la timu ya China. Nchi hizo mbili zilikuwa hazina uhusiano wa kibalozi kwa zaidi ya miaka 20. Wachina wote wakakaa kimya, maana kila mmoja alijua kwamba kumsemesha Mmarekani kungeweza kumletea balaa kwao. Aliyeinuka kutoka viti vya nyuma alikuwa Zhuang Zedong, bingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1961, 1963 na 1965. Alimpa mgeni picha ya milima iliyotengenezwa kwa hariri, wakazungumza kwa msaada wa mkalimani. Siku chache baadaye timu ya Marekani ikaalikwa China, na Februari 1972 Rais Nixon akaenda Beijing. Wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya huyo Nixon. Mimi hunivutia lile basi. Katika watu wote waliokuwamo, Zhuang ndiye aliyekuwa na mengi zaidi ya kupoteza, na kijana yule hakuwa mchezaji wa kumtisha, wala hakuwa na njia ya kumwinua kutoka kitini.

"Sasa huyu wetu atainukaje?" karani akauliza.

Nikamwambia aanze na wino.

Nimepata barua yake ya pili juma lililopita. Waliitisha kikao cha dakika 10 wakati wa chai. Mhudumu ndiye aliyezisoma sheria, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Karatasi mpya ikabandikwa, majina yote 14 kwa penseli, na wale wanawake wawili wakarudi vipandio vyao, cha saba na cha tisa. Kesho yake karani akaandika mwito wake. Ulikaa ukutani siku mbili bila ya jibu, naye anasema siku hizo mbili hakulala vizuri, na mumewe alimwambia aufute. Hakuufuta. Siku ya tatu alikuta chini yake maandishi anayoyajua vizuri kutoka kwenye karatasi za likizo: Jumanne au Alhamisi, saa 7.

Walicheza Alhamisi. Mkuu alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti kimoja cha stoo. Anasema Mkuu anaijua ile kona iliyokufa kuliko mtu mwingine yeyote. Wakaenda seti mbili kwa mbili, na ya tano Mkuu akaichukua kwa 12–10. Kisha akakaa, akaomba maji, na kwa muda hakuweza kusema.

Dereva wa idara alikuwa mlangoni muda wote. Yeye ndiye wa kipandio cha pili. Amekaa hapo tangu mwezi wa kwanza wa ngazi, na katika daftari lote hakuna mahali alipopata kumpa mwito mtu aliye juu yake. Jumatatu iliyofuata, karani alipofungua ofisi, mwito wake ulikuwa ukutani, kwa penseli, na tarehe, na saini.

Kufika saa 4 Mkuu alikuwa amekwisha kuandika siku zake mbili. Dereva amechagua Jumatano. Karani ananiomba radhi kwamba barua imekuwa fupi, maana mhudumu amemwomba amsaidie kusogeza viti, watu ni wengi watakaotaka kutazama.